Kudai fidia kwa madhara ya chanjo: mwongozo kwa wakazi wa Moshi na Arusha

Mzazi anayeingia katika ofisi ya msaada wa kisheria mjini Moshi akiwa amembeba mtoto aliyelegea mguu wiki chache baada ya kuchomwa sindano anapaswa kuambiwa jambo moja mapema, hata kama ni chungu: Tanzania haina mfuko maalumu wa umma unaomlipa mtu aliyedhurika kwa chanjo pasipo kumtaka athibitishe kosa la mtu yeyote. Njia iliyopo ni madai ya kawaida ya uzembe, na katika njia hiyo anayedai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi hupoteza miezi ya mwanzo, ambayo ndiyo yenye thamani kuliko yote, wakitafuta dirisha la malipo ambalo halipo.

Wako wanaofika na karatasi walizotumiwa na ndugu walio ng'ambo, na karatasi hizo ni za kweli, ila ni za kwao. Ujerumani ilitunga sheria ya fidia ya aina hii mwaka 1961 na Ufaransa mwaka 1964. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1979, humlipa mtu aliyepata ulemavu mkubwa wa kiwango cha asilimia 60 au zaidi, na malipo hayo ya mkupuo mmoja yamekuwa pauni 120,000 tangu mwaka 2007. Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 1986, na mpango wenyewe ukaanza kazi mwaka 1988, ukigharamiwa na kodi ya senti 75 ya dola kwa kila ugonjwa unaokingwa katika kila dozi. Mantiki ya mipango hiyo ni nyepesi kueleweka: jamii nzima inafaidika na chanjo, kwa hiyo yule mmoja anayeumia kwa ajili ya wengi asiachwe na mzigo wake peke yake. Kwa maoni yangu mantiki hiyo ingefaa hapa pia, lakini mwongozo huu ni wa mtu anayehitaji msaada chini ya sheria iliyopo leo.

Mlango mmoja wa malipo bila kuthibitisha kosa uliwahi kufunguliwa kwa Watanzania, nao ulihusu chanjo za korona zilizoletwa kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo hizo kwa nchi mbalimbali. Dozi zaidi ya milioni 1 za Johnson & Johnson zilizopokelewa nchini tarehe 24 Julai 2021, siku chache kabla ya Rais Samia Suluhu Hassan kuzindua uchanjaji, zilikuja kwa njia hiyo, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 92 zilizohusika na mpango huo wa fidia. Maombi yalipelekwa moja kwa moja kwa msimamizi wa mpango bila kulazimu wakili, na aliyekubali malipo alisaini kwamba hatadai tena mahakamani kwa dhara hilohilo. COVAX yenyewe ilifungwa tarehe 31 Desemba 2023. Chanjo za kawaida za watoto hazikuwamo kabisa, na hizo ndizo zinazoleta watu wengi ofisini.

Hatua ya kwanza: tibiwa, kisha hakikisha tukio limeandikwa

Mgonjwa apelekwe kituoni siku ileile. Mkiwa hapo, mwambieni mtoa huduma waziwazi kwamba mtu huyu alichanjwa, chanjo gani, na lini, kisha mwombeni ajaze fomu ya kuripoti tukio baya lililofuata chanjo. Watumishi wengi hujaza. Wengine husita kwa kuhofia kwamba fomu ni kukiri kosa. Si hivyo, kwa kuwa fomu hiyo haimtaji mkosaji wala haithibitishi chanzo, na mwelezeni hivyo kwa upole. Akikataa, mzazi mwenyewe anaweza kutoa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, yenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha, na kwa mratibu wa chanjo wa wilaya. Tukio zito, yaani lililosababisha kulazwa, ulemavu au kifo, linastahili kufanyiwa uchunguzi, na ripoti ya uchunguzi huo huja kuwa ushahidi wenye uzito ambao familia isingeweza kuutengeneza kwa fedha zake.

Kama mgonjwa amefariki, kuna jambo gumu la kusema. Huku kwetu, hasa vijijini Machame, Marangu na Rombo, marehemu huzikwa kihambani, yaani katika shamba la ukoo, na ukoo hupanga siku ya maziko mapema. Ikiwa familia ina shaka ya kweli kuhusu sindano, uchunguzi wa mwili ufanyike kabla ya mazishi, na taarifa yake ya maandishi ichukuliwe. Kufukua baadaye huhitaji amri, huumiza mioyo ya watu, na mara nyingi huwa hakuna tena cha kuonekana.

Hatua ya pili: kusanya karatasi

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na madai ni vivyo hivyo. Karatasi ya kwanza ni kadi ya kliniki ya mtoto. Piga picha kurasa zote kwa simu siku hiyohiyo, kisha usimwachie mtu yeyote kadi halisi bila kuandikiana. Nakumbuka mama mmoja wa Pasua aliyekuja na mfuko wa nailoni uliojaa risiti za miezi minane, za dawa, za bodaboda, hata za maziwa ya kopo, zote zimepangwa kwa tarehe. Kadi pekee ndiyo aliyoambiwa kituoni aiache «kwa ajili ya marekebisho», na haikupatikana tena. Tulifanikiwa kupata sehemu ya kumbukumbu zake kwa kuwa mkoa wa Kilimanjaro, kama Arusha ambako mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za chanjo ulianzia, huingiza taarifa za watoto kwenye kompyuta. Hata hivyo tulipoteza wiki nyingi tukitafuta kitu kilichokuwa mkononi mwake.

Unachohitaji kujua kuhusu sindano yenyewe ni jina la chanjo, namba ya toleo iliyoandikwa kwenye chupa, tarehe na saa, mahali ilipochomwa mwilini, jina la aliyechoma, na jina la kituo. Namba ya toleo ina faida ya pekee: kama watoto wengine waliochanjwa kutoka chupa ileile au kituo kilekile siku ileile nao waliugua, shaka huhama kutoka kwa mwili wa mtoto wako kwenda kwenye uhifadhi au utayarishaji wa chanjo. Ongea na wazazi mliokaa nao benchi moja kliniki. Andika majina yao kwa ridhaa yao.

Kuhusu hospitali alikotibiwa baadaye, iwe Mawenzi, KCMC, Mount Meru au kwingineko, andika barua ya kuomba nakala za jalada na muhtasari wa matibabu, ipeleke mwenyewe masjala, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake mwenyewe, kwa hiyo huombi hisani. Mwombe pia daktari bingwa maoni ya maandishi kuhusu chanzo cha tatizo na kiwango cha ulemavu. Usimwombe aandike kwamba «chanjo imesababisha»; mwombe aeleze alichokiona, vipimo alivyofanya, sababu nyingine alizoziondoa, na kwa nini.

Hatua ya tatu: tambua aina ya dhara

Hapa ndipo madai mengi hufa au kupona, na ningependa msomaji akae hapa kidogo.

Shirika la Afya Duniani hugawa matukio yanayofuata chanjo katika makundi matano. Kundi la kwanza ni dhara linalotokana na asili ya chanjo yenyewe, ijapokuwa imetengenezwa na kutolewa sawasawa. Chanjo ya matone ya polio, kwa mfano, ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa nadra sana, takriban mara moja katika dozi milioni kadhaa, huweza kuleta kupooza. La pili ni kasoro ya kiwandani, na mfano wake unaojulikana zaidi ni wa mwaka 1955 nchini Marekani, ambapo chanjo ya polio ya maabara ya Cutter ilikuwa na kirusi ambacho hakikuuawa ipasavyo. Watu wapatao 200 walipooza na 10 walifariki. La tatu ni kosa la utoaji: chanjo iliyohifadhiwa nje ya nyuzi 2 hadi 8, chupa ya surua na rubela iliyochanganywa ikatumika baada ya saa 6, sindano iliyorudiwa, au dawa nyingine iliyochukuliwa kwa kudhaniwa ni kimiminika cha kuchanganyia. Kosa hilo la mwisho liliua watoto wachanga wawili huko Samoa mwaka 2018, na wauguzi wawili walifungwa. Kundi la nne ni hofu ya sindano, kama pale wasichana wanapozimia mmoja baada ya mwingine shuleni siku ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. La tano ni sadfa: ugonjwa ambao ungekuja hata kama mtoto asingechanjwa, lakini umekuja wiki hiyohiyo.

Chini ya sheria ya uzembe, kundi la tatu ndilo lenye nafasi halisi ya kushinda hapa nchini, kwa kuwa kuna mtu aliyekuwa na wajibu wa uangalifu, akauvunja, na mwingine akaumia. Kundi la pili linaelekeza kwa mtengenezaji, ambaye kwa kawaida yuko nchi ya mbali. Kundi la kwanza, ambalo ndilo linaloumiza zaidi kimaadili, ndilo ambalo sheria yetu haina jibu kwalo, isipokuwa kama mtoa huduma alipuuza dalili ya hatari aliyoambiwa, mathalani mzio mkali uliotokea katika dozi iliyotangulia. Nimeshawahi kumwambia baba mmoja kutoka Ngaramtoni kwamba mtoto wake huenda ameumizwa na chanjo kweli na bado asiweze kumshtaki mtu, na aliniangalia kama mtu anayemtania.

Muda kati ya sindano na dalili husaidia kutenganisha makundi haya. Mzio mkali hutokea ndani ya dakika au saa chache. Homa ya chanjo ya surua na rubela huja kati ya siku ya 6 na ya 12 hivi. Mguu unaolegea ghafla mara tu baada ya sindano iliyochomwa makalioni huashiria mshipa wa fahamu uliojeruhiwa, na ndiyo sababu watoto wachanga huchomwa paja upande wa nje. Ukithibitisha kwamba sindano iliingia takoni, umeshathibitisha nusu ya kesi. Mtoto aliyeanza kupata degedege miezi mitano baada ya chanjo, bila dalili yoyote katikati, atamtafutia wakili kazi ngumu sana, na ni haki aelezwe hivyo kabla hajauza ng'ombe kulipia ada.

Hatua ya nne: jua unayemdai

Zahanati si mtu mbele ya sheria. Ukiishtaki kwa jina lake, kesi itaondolewa hata kabla ya kusikilizwa. Zahanati na vituo vya afya vya umma viko chini ya halmashauri, kwa hiyo mdaiwa ni Halmashauri ya Jiji la Arusha, ya Manispaa ya Moshi, ya Wilaya ya Hai na kadhalika. Hospitali za rufaa za mikoa ziko chini ya Wizara ya Afya. Katika yote hayo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kama mdaiwa, na kumwacha nje hubatilisha shauri. Kituo cha kanisa au cha taasisi ya dini hudaiwa kupitia bodi yake ya wadhamini iliyosajiliwa, na kampuni binafsi hudaiwa kwa jina lililosajiliwa BRELA, wakala wa Serikali wa usajili wa biashara. Muuguzi mwenyewe anaweza kuunganishwa, ingawa mara nyingi haina faida. Mwajiri ndiye anayewajibika kwa kosa alilofanya akiwa kazini, na ndiye mwenye uwezo wa kulipa.

Malalamiko kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga au Baraza la Madaktari yana nafasi yake. Mabaraza hayo hayalipi fidia, lakini yakimkuta mtumishi na hatia ya kitaaluma, matokeo hayo hukusaidia.

Kama aliyedhurika ni mfanyakazi aliyechanjwa kwa sababu ya kazi, tuseme muuguzi aliyekingwa homa ya ini kwa agizo la mwajiri, aanze na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko huo haudai uthibitisho wa uzembe. Unauliza tu kama dhara limetokana na kazi. Atoe taarifa kwa mwajiri mara moja, kwa maandishi.

Hatua ya tano: hesabu muda

Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara ya kawaida ya uzembe. Wengi huishia hapo na kustarehe. Sheria hiyohiyo inatoa mwaka 1 tu pale unapodai fidia kwa jambo lililofanywa au kuachwa kufanywa katika kutekeleza sheria iliyoandikwa, na wakili wa upande wa Serikali atakuwa na kila sababu ya kusema kwamba uchanjaji wa umma ni utekelezaji wa namna hiyo. Kwa hiyo fanya kana kwamba una mwaka 1, na ndani yake kuna siku 90 za notisi, yaani taarifa ya maandishi ya kusudio la kushtaki, inayoelezwa katika hatua ya sita. Ikiwa miezi minane imeshapita tangu sindano nawe hujatoa notisi, huna tena nafasi ya kustarehe.

Mtoto analindwa zaidi, kwa kuwa muda wake huanza kuhesabiwa anapofikia utu uzima. Lakini usiutegemee ulinzi huo kama mto wa kulalia: baada ya miaka kumi na minane muuguzi amehama, daftari limeliwa na mchwa, na daktari aliyemwona mtoto ameshastaafu. Zaidi ya hayo, gharama ulizotumia wewe mzazi ni madai yako mwenyewe, na muda wako hausimami.

Hatua ya sita: toa notisi

Huwezi kuishtaki Serikali au halmashauri kabla ya kuipa notisi ya siku 90. Iandikwe kwa mkurugenzi wa halmashauri au katibu mkuu wa wizara, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ieleze msingi wa madai kwa ukamilifu, kwa sababu utafungwa nayo baadaye. Mfano wa sehemu yake kuu ni huu:

«Mimi, mzazi wa mtoto aliyetajwa hapo juu, natoa notisi ya siku tisini ya kusudio la kufungua shauri la madai. Tarehe … katika Zahanati ya …, mtumishi wa Halmashauri yako alimchoma mtoto sindano ya chanjo ya … yenye namba ya toleo … kwenye tako la kushoto, kinyume na utaratibu wa kuchoma pajani. Tangu siku hiyo mguu wa kushoto hauna nguvu. Nakala za kadi ya kliniki, taarifa ya daktari na stakabadhi zimeambatishwa. Nadai fidia ya shilingi … kwa gharama zilizokwisha kutumika, pamoja na fidia ya jumla kwa kiasi ambacho Mahakama itaona kinafaa.»

Ipeleke kwa mkono, igongewe mhuri kwenye nakala yako. Wakati mwingine notisi iliyoandikwa vizuri huzaa mazungumzo. Ukiitwa kuzungumza, nenda na mtu anayejua sheria, na usisaini hati yoyote inayosema «sina madai zaidi» kabla daktari hajasema ulemavu umefikia wapi.

Hatua ya saba: piga hesabu ya madai

Fidia ni ya aina mbili. Hasara mahususi ni fedha ulizokwisha kutoa au kupoteza: matibabu, nauli za Arusha hadi KCMC, viatu maalumu, mazoezi ya viungo, mshahara uliokatwa. Mahakama ya Rufani ilishasisitiza mwaka 1992 kwamba hasara hizo lazima zitajwe moja moja na kuthibitishwa kikamilifu, na bila risiti huambulii. Bodaboda haitoi risiti. Basi mwombe dereva aandike na kusaini, pamoja na namba yake ya simu, au lipa kwa simu ili ujumbe wa muamala ubaki. Fidia ya jumla ni kwa maumivu, ulemavu na maisha yaliyobadilika, na hiyo ni hakimu au jaji anayeipima. Usitaje bilioni kwa kutaka kutisha. Jaji aliyeona kiasi kisicho na mashiko huanza kulitazama kwa mashaka kila jambo linalofuata.

Hatua ya nane: fungua shauri

Madai dhidi ya Serikali hufunguliwa Mahakama Kuu, na wakazi wa maeneo haya wana masjala zake Arusha na Moshi. Madai dhidi ya kituo binafsi huweza kuanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, kulingana na kiasi. Mtoto hashtaki mwenyewe. Mzazi au mlezi hushtaki kwa niaba yake. Kwa marehemu, ateuliwe kwanza msimamizi wa mirathi, na jambo hili lianze mapema kwa kuwa vikao vya ukoo huchukua muda.

Lugha ya mahakama ni Kiswahili tangu marekebisho ya mwaka 2021, ingawa nyaraka za kitabibu zitakuwa za Kiingereza na daktari ataitwa kuzifafanua. Baada ya utetezi wa maandishi, shauri hupelekwa kwenye usuluhishi. Msiende huko mkiwa na hasira tupu. Nendeni na kiwango mlichokubaliana nyumbani, ambacho chini yake hamtashuka.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria. Mjini Moshi KWIECO, shirika lisilo la kiserikali, imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na Arusha kuna ofisi ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na tawi la Chama cha Mawakili Tanganyika. Waelezeni tarehe ya sindano kabla ya kueleza kitu kingine chochote, ili wahesabu muda.

Ukishinda dhidi ya Serikali, usimtafute dalali wa mahakama. Mali ya Serikali haikamatwi wala kupigwa mnada. Wakili wako ataomba mahakamani hati inayothibitisha kiasi kilichoamriwa, ataipeleka kwa mamlaka inayopaswa kulipa, na kuanzia hapo ni kufuatilia barua kwa barua, kila moja ikiwa na mhuri wa kupokelewa.